Karani na Ardhi Iliyo Chini ya Ukuta

Ukitaka kumchokoza Karani, ulikuwa unamwambia tu kwamba mtaa huu ulianza na sisi. Angeacha chai yake, angesimama, angepiga mguu chini mara mbili na kuuliza kwa sauti ya kufika mpaka kwa wauza kuku wa Shauri Moyo: "Na kabla ya hapo?" Ukimjibu kwamba kabla ya hapo palikuwa pori, basi umejimaliza mwenyewe. Siku yako imekwisha. Utazungushwa Majengo nzima kwa miguu, kutoka msikitini mpaka mtoni, ukionyeshwa vitu ambavyo havipo tena.

Mimi nilizungushwa mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na hata leo nikimkumbuka mzee yule moyo unanienda mbio. Alinichosha. Alinichelewesha kazini. Siku moja alinifanya nichome sketi ya mteja kwa pasi, kwa sababu aliingia kibandani kwangu Gikomba akipiga makofi kwamba amegundua jambo, nami nikageuka kumsikiliza. Na ndiye mtu aliyefanya nyumba yetu ibaki yetu. Nitasema yote mawili, la kunichosha na la kuniokoa, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda habari za nusu.

Jina alikuwa nalo, lakini hakuna aliyelitumia. Alifanya kazi maisha yake yote kwenye dirisha la ofisi ya nyumba, akiandika kwenye daftari kubwa nyumba ipi ni ya nani. Alipostaafu daftari lilibaki ofisini, jina la Karani akaondoka nalo. Kwao ni wapi? Hilo usingelipata. Watu wa Nairobi wakikutana huulizana kwa sentensi ya tatu au ya nne, wewe ni wa wapi, na wanataka kusikia kijiji. Karani alijibu, "Shauri Moyo, mlango wa bluu." Mtu akisisitiza, "La, namaanisha kwenu kabisa," yeye alisisitiza pia, "Mlango wa bluu kabisa." Wakikuyu wa soko la mbao walisema bila shaka ni Mkamba. Kanisani kwetu, ambako wengi tumetoka magharibi, tulisema lafudhi ile ni ya pwani. Alifurahia sana ubishi huo na hakuutatua hata mara moja.

Jumapili baada ya ibada ndipo alipofundisha. Hakuitwa na mtu kufundisha, alijipa kazi mwenyewe. Alivaa koti lake la kijivu lenye kalamu mbili mfukoni, akasimama nje ya kanisa, na yeyote aliyefanya kosa la kumsalimia kwa upole alichukuliwa. Angemsimamisha mtu katikati ya barabara, mkokoteni ukipiga kelele nyuma yake, amwambie, "Funga macho. Ondoa Gikomba. Ondoa mabati. Ondoa reli. Unaona nini?" Mtu angesema haoni kitu. "Majani!" Karani angepiga kelele, mikono juu. "Majani na ng'ombe na maji baridi! Hata jina la mji huu ni maji baridi, kwa lugha ya wenye ng'ombe."

Kisha angekueleza jinsi ilivyotokea, na hakuna aliyenieleza vizuri kama yeye. Wamaasai walichunga hapa. Wakikuyu walilima juu kule msitu unapoanzia, wakashuka kubadilishana chakula na wasafiri. Ikaja reli, na nyuma ya reli ikaja karatasi moja, ikisema kwamba ardhi yote ambayo Mzungu haoni mtu amesimama juu yake ni mali ya mfalme wa ng'ambo. "Mfalme ambaye hakuwahi kukanyaga hapa hata kwa bahati mbaya!" Halafu wakubwa wa mji wakataka Waafrika wakae mahali pamoja, mbali na pua zao, wakachora Majengo. Wakawaambia watu: jengeni nyumba zenu wenyewe, kwa udongo wenu na mabati yenu, tutawapa ruhusa. Nyumba yako, ardhi si yako. Walipouchoka mtaa wa zamani wa Pangani waliubomoa, wenye nyumba zao za kujijengea wakaletwa Shauri Moyo kwenye nyumba za serikali.

"Mtu wa hapa amemiliki ukuta," alisema Karani. "Chini ya ukuta hajamiliki. Ukuta unasimama juu ya nini basi? Juu ya ruhusa!" Na hapo alicheka kwa nguvu hata akashika mti wa stima.

Vijana wa mtaani walimpenda sana, wakamwita buda, yaani mzee. Kila asubuhi alipita kwenye kona yao ya kupigia soga, na niliyasikia mazungumzo yao mara nyingi kwa kuwa kibanda changu kiko karibu.

"Karani, niaje?"

"Poa. Hapo umesimama ni pa nani?"

"Hii ni base yetu, buda."

"Na kabla ya base?"

"Kulikuwa na kinyozi."

"Na kabla ya kinyozi?"

"Zii, Karani! Sisi hata hatukuwa tumezaliwa."

"Vizuri sana! Mtu mkweli. Wakubwa wengi wamewahi kuketi pale ofisini na hawakuweza kusema hivyo."

Rafiki yake mkubwa alikuwa mlinzi wa ghala moja la mitumba, Mmaasai wa makamo asiye na maneno mengi. Kila siku Karani alisimama mbele ya lango na kuinama kama mpangaji. "Mwenye shamba, umeamkaje?" Mlinzi naye hakucheka. "Nimeamka. Nawavumilia tu, wewe na reli yako." Wakashikana mikono. Siku moja Karani alimuuliza lile swali lake. Na kabla yenu? Mlinzi alifikiri, akasema kwamba wazee wao walisimulia kuwa walipofika walikuta watu wa msituni, hawana ng'ombe, wana mizinga ya asali na pinde. Karani alikuwa njiani kwenda kanisani. Akasahau kanisa.

"Na hao wa asali, walikuta nani?"

"Waliulizwa," mlinzi akasema. "Wakasema walikuta tembo."

Hiyo ndiyo siku niliyochoma sketi. Karani aliingia kibandani akiwa amevua koti, jasho linamtoka, akasema, "Mama Nekesa! Mwenye shamba ni tembo!" Kwa wiki nzima aliwatangazia watu kwamba hati ya kumiliki Majengo iko kwa tembo, na mtu akitaka kujenga aende Tsavo akaombe saini. Nilimdai sketi ya mteja akaniambia nimpelekee tembo malalamiko.

Lakini mtu huyu huyu aliyesema ardhi si ya mtu alikuwa na futi tatu za udongo mbele ya mlango wake wa bluu, amepanda sukumawiki na ua moja la waridi, na ole wako upitishe gurudumu hapo. Nilimwona akimfukuza mwenye mkokoteni kwa ufagio mpaka karibu na soko. "Ni mpaka wangu!" alipiga kelele. Nilimuuliza, Karani, na kabla yako? Alinitazama kwa hasira kweli kweli, halafu akaanza kucheka, lakini ufagio hakuuweka chini.

Aliimba besi kwenye kwaya, vibaya sana. Alichelewa kila mahali, mtu ambaye kazini alifunga dirisha saa ikigonga tu, hata foleni ikiwa bado imesimama. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wowote niliouona, na aliuonea fahari waziwazi. "Katika daftari lile," alikuwa akisema, "hakuna mstari wangu hata mmoja wa uongo." Alisema hivyo mara nyingi mno. Tulizoea, tukaacha kumsikiliza.

Na katika miaka yote ya kazi hakuwahi kuingia nyumba ya mtu Majengo. Alifika mlangoni, akaandika akiwa amesimama, akaondoka. Ukimletea chai aliinywa nje. "Karani akikaa kitako ndani," alisema, "kalamu inalegea." Watu walidhani ana maringo. Mama yangu ndiye aliyenifundisha kwamba hayo hayakuwa maringo.

Hapa inabidi niseme habari ya nyumba yetu, maana bila hiyo Karani hataeleweka. Katika Majengo ya zamani wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Walikuja mjini peke yao, wakafanya kazi ya kila namna, wakajenga. Wengi hawakuwa na watoto, na jamaa waliowaacha nyumbani walikuwa wamekwisha kuwakataa. Basi mwanamke wa namna hiyo akizeeka alichagua mtu. Alimchagua mpangaji, au msichana aliyemlea, au rafiki, akampa nyumba. Haikuwa siri. Aliwaita majirani, akamshika yule mtu mkono, akampitisha chumba hadi chumba mbele ya wapangaji wote, na katika kila mlango akasema, "Mwenye nyumba huyu hapa." Mkifika uani mlikula pilau, na mambo yalikuwa yamekwisha.

Bibi mwenye nyumba yetu alimchagua mama yangu. Mama alikuwa mpangaji wa chumba cha mwisho, ametoka magharibi na mtoto mgongoni, yaani mimi, na alimwogesha Bibi na kumlisha kwa miaka alipokuwa hawezi kuinuka. Bibi alikuwa Mwislamu, mama alikuwa mtu wa kwaya. Siku ya kupitishwa chumba hadi chumba nilikuwepo, nimeshika kanga ya mama kwa nyuma, na Karani alisimama mlangoni na daftari, hakuingia. Bibi alipomaliza chumba cha sita alimgeukia akasema, "Umeona?" Karani akajibu, "Nimeona." Akaandika.

Alichoandika sikukijua mpaka mama alipokuwa amekwisha kufariki na mimi nina mjukuu.

Ilikuwa hivi. Tuliambiwa nyumba za Majengo zitabomolewa, zijengwe za ghorofa, na kila mwenye nyumba halali apewe yake huko juu. Ili kumjua mwenye nyumba halali ikaundwa kamati ya uhakiki, watu watatu na meza ndefu katika ukumbi wa jamii. Unaleta karatasi zako, wanazilinganisha na daftari la zamani. Nilikwenda nikiwa na furaha, nimevaa gauni langu la kitenge. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, mstaarabu, alifungua daftari, akasoma, akanitazama.

"Hapa pameandikwa kwamba mama yako ni binti wa mwenye nyumba."

"Ndiyo," nikasema, kwa kuwa sikujua niseme nini.

"Binti wa kuzaa?"

Nyuma yangu foleni ilikuwa imesogea kusikiliza. Mwenyekiti aliweka kitambulisho cha mama juu ya meza. Babake mama, jina la huko kwetu. Mahali pa kuzaliwa, huko kwetu. Na kila mtu alijua kwamba Bibi hakuzaa. "Mama," aliniambia kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza, "huu mstari ni wa kughushi. Ijumaa lete shahidi wa kuueleza. Bila hivyo, nyumba hii naitoa kwenye orodha."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja mpaka mlango wa bluu. Sikubisha hodi. Nilimwambia Karani yote nikiwa nimesimama, sauti juu, na nilimwambia pia kwamba mwandiko ule naujua na kila mtu anaujua. Vyumba sita! Maisha yote ya mama! Nilitarajia apige mguu chini. Hakupiga. Alikaa kwenye kiti chake, akatoa kalamu moja mfukoni, akairudisha.

"Nitafikiria," akasema.

"Utafikiria nini, Karani?"

"Nenda nyumbani, Mama Nekesa."

Nilimchukia siku tatu nzima, na sioni aibu kusema. Nilikaa kibandani nikishona na kumwona anapita upande wa pili wa barabara bila kuwasalimia vijana. Hata mlinzi alimwita, "Mpangaji wangu, umeugua?" akapunga mkono tu.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Watu walikuwa wamesikia kwamba nyumba itatolewa kwenye orodha, na jambo kama hilo Majengo linavuta watu kuliko harusi. Niliitwa saa tatu na nusu, Karani hayupo. Nikasema naomba muda. Mwenyekiti akanipa muda. Watu wawili wengine wakasikilizwa, nikaitwa tena, hayupo. Mwenyekiti alikuwa ameshika kalamu yake, ameiweka juu ya ukurasa, ndipo mlango ukafunguka na sauti ile ya besi mbovu ikasema, "Samahani, nimechelewa."

Alikuwa na koti la kijivu, limepigwa pasi. Alitembea katikati ya viti mpaka mbele na hakuketi.

"Mwandiko huo ni wangu," alisema. "Na neno binti ni la uongo. Niliandika nikijua ni la uongo."

Ukumbi ukavuma. Mimi nikafunika uso. Nilidhani amekuja kunimaliza.

"Kwa nini uliandika?" akauliza mwenyekiti.

"Kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi tatu. Mume, mtoto, ndugu. Fomu hiyo tuliachiwa na Wazungu, na sisi tukaendelea nayo. Walidhani wanajua jamaa ni nani. Hawakuwahi kuingia Majengo. Mimi nilisimama mlangoni pale nikamwona mwenye nyumba akimpitisha mwanamke huyo chumba hadi chumba. Nikatafuta nafasi ya mtu aliyechaguliwa. Haikuwepo. Ningeacha wazi, nyumba ingechukuliwa. Nikaandika binti."

"Mzee, unajua unaweza kushtakiwa?"

"Ndiyo maana nimevaa koti."

Watu walicheka, lakini yeye hakucheka, na mwenyekiti pia hakucheka. Aliuliza swali ambalo nadhani hakutaka kuliuliza. "Wangapi wengine uliwaandika hivyo?"

Karani aligeuka akatazama ukumbi. Alitazama mstari hadi mstari, polepole, na niliona watu wanainamisha vichwa. "Hilo si langu kusema," akajibu.

Feni ya dari ilikuwa inalia. Halafu katika viti vya nyuma mwanamke mzee sana, muuza ubani ninayemjua tangu utoto wangu, akashika bega la aliyekuwa mbele yake akainuka. "Mimi," akasema. "Mimi si wa damu. Nilichaguliwa." Kabla hajaketi akainuka wa pili. Kisha mwanamume mmoja mwenye kofia, fundi wa masanduku, akasema mama yake alichaguliwa na mama wa mtu mwingine. Wakainuka watu katika kila upande, wengine wakisema kwa Kinubi, wengine kwa Kikuyu, mmoja analia, mmoja anacheka, majirani wanatazamana, kumbe na wewe! Kumbe na nyinyi! Watu waliokaa ukuta kwa ukuta miaka yote, kila mmoja akificha neno lile lile. Mimi nilikuwa nimesimama nimeshika meza, nalia kwa sauti, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena.

Kamati ilitoka nje. Walirudi baada ya saa nzima. Mwenyekiti alivua miwani akasema kwamba kamati haiwezi kuwafuta nusu ya watu wa mtaa kwa kosa la fomu, na kwamba aliyechaguliwa mbele ya mashahidi, na shahidi mmoja yuko hai, atakubaliwa kwa jina hilo hilo, aliyechaguliwa. Kuhusu Karani alisema mzee amesikilizwa na aende nyumbani. Na kama kuna mtu aliyedai haki ya namna hiyo wakati ule na hakuandikwa kabisa, meza ingebaki wazi wiki moja, mpaka Ijumaa saa kumi jioni.

Vijana walimbeba Karani juu juu kutoka ukumbini. "Buda amewachoma!" walipiga kelele. Alipiga kelele pia, kwamba wamshushe, na kwamba mwandiko wake ulikuwa mzuri hata pale aliposema uongo. Nilifikiri hapo ndipo mambo yameishia. Kama ningekuwa naandika hadithi ningemwacha pale mabegani mwa vijana.

Sasa amelala makaburini, na sina shaka kule nako anamuuliza jirani yake nani alikuwepo kabla. Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni Ijumaa iliyofuata. Saa saba mchana alikuja kibandani. Hakupiga makofi. Alisimama mpaka nikamaliza upindo.

"Kuna mmoja kabla ya mama yako," alisema. "Nilikuwa mgeni kazini. Alikuja dirishani, msichana, amevaa kanga ya msiba. Nikamuuliza, wewe ni nani wake marehemu? Akasema, alinichagua. Nikamwambia hakuna nafasi hiyo kwenye fomu. Nikafunga dirisha."

"Nyumba ikaenda wapi?"

"Ikachukuliwa. Ni ile inayotazamana na yadi ya vyuma vikuukuu, unaijua. Nimeipita kila siku. Mama yako nilimwandika kwa sababu ya msichana huyo."

Nilimuuliza kama yuko hai. Akasema yuko hai, anauza mahamri Eastleigh, na analijua duka lake miaka yote hii, na hajawahi kununua hata hamri moja. Nikachomoa mashine, nikafunga kibanda. Tulikwenda kwa miguu, na Karani, mtu wa kusimama kila hatua kueleza, alitembea mbele yangu bila kueleza kitu. Tulivuka katikati ya marobota ya nguo na wachuuzi wa simu, tukaingia nyuma ya jengo moja la maduka. Chini ya ngazi palikuwa na jiko, karai, na mwanamke mzee mnene amekaa kwenye benchi, miguu mitupu juu ya gunia, anageuza mahamri kwa fimbo mbili.

Karani alisimama mbele yake. Alishika kalamu mfukoni, akaiachia. Nilitaka kumsaidia nikajizuia.

Yule mama alimtazama, akaepua karai kwanza. "Karani," akasema. "Umezeeka vibaya."

"Nimekuja kukuambia," alisema Karani, "kwamba niliandika makosa."

"Hukuandika. Ndiyo ilikuwa shida."

Karani alivua kofia. Aliomba radhi kwa maneno machache, hakujitetea. Kisha ghafla yule Karani wetu akarudi, mikono ikapaa, akaanza kueleza haraka haraka: kuna kamati, kuna meza, kuna jina jipya kabisa, aliyechaguliwa, na shahidi mmoja akiwa hai anatosha, na shahidi ndiye huyu hapa, alimwona kwa macho yake akisema pale dirishani, naye atakwenda aseme mbele ya watu wote kwamba alimfungia. Ila meza inafungwa saa kumi! Sasa ni saa nane na nusu, na barabara imejaa, na yeye anajijua jinsi anavyochelewa. "Twende, mama! Twende sasa hivi! Inuka!"

Yule mama hakuinuka. Alifuta mikono kwa kanga, kidole hadi kidole. Akafunika mahamri kwa karatasi, akaniambia mimi nizime jiko. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyajali. Karani alikuwa amefika barabarani na kurudi mara mbili, anatazama saa yake, anampungia mkono.

"Mama, muda!"

"Nimengoja tangu ukiwa na nywele, Karani," alisema. "Wacha nivae viatu."